Namba Tisa wa Majengo

Saa tisa usiku, umeme ukiwapo,
tunabanana kwa Kakule fundi redio.
Mtangazaji anamwita Mmarekani:
miaka ishirini na mbili, kauzwa mara mbili,
goti limepasuliwa, likashonwa.
“Akonkwa” analitamka kama anatafuna kokoto.

Mimi nilikuwa golikipa wake.
Uwanja wetu mawe meusi ya volkano,
kuanguka ni kuchunika,
basi Akonkwa hakujifunza kuanguka.
Mabeki wa kule wanamvuta jezi, wanamkwatua,
yeye wima,
na refa hapulizi,
na kocha anashika kichwa: jiangushe, mwana!

Leo, dakika ya themanini na nane, penalti.
Ameangalia kulia.
Nikacheka kabla ya wote.
Kushoto, chini, pale pale aliponizoea
enzi za mpira wa mifuko na kamba za migomba.
Golikipa wao kalala upande mwingine, kwenye nyasi,
akainuka jezi safi.

Marudio hatukuyaona; umeme ulikatika.
Kukikucha nina magunia manne ya viazi
ya kusukuma kwa chukudu hadi Kituku.
Nakunja suruali: magoti yote mawili
bado yana saini yake.