Rupia Thelathini kwa Fomu

Kibao cha duka nimekiandika mwenyewe:
Fomu za ajira, rupia thelathini. Picha, kumi zaidi.
Hapa Dumka, nyuma ya stendi, ubavuni mwa muuza betri,
nina kompyuta mbili, moja hai, moja ya vipuri,
na kiti cha plastiki kilichokaliwa na mtaa mzima
hata mguu mmoja nimeufunga kwa waya.

Leo ndiyo siku ya mwisho. Saa sita usiku mlango unafungwa,
mlango usio na bawaba, wala bawabu wa kubembeleza.
Nafasi arobaini za ukarani wa misitu.
Kwa vidole vyangu hivi tu nimeshajaza watu mia mbili na kumi.

Salge Tudu ameingia na tope lililokauka hadi magotini.
Kutwa alikuwa akipandikiza mpunga wa watu.
Vyeti amevitia kwenye mfuko wa mbolea,
vimefika vikavu kuliko yeye.
"Kaka Lobin, nimechelewa?"
Bado saa mbili na nusu. Kaa. Usiegemee kushoto.

Jina la baba. Hapo tukakwama.
Cheti cha shule kinamwita Chunu,
kitambulisho kinamwita Chunnu,
na marehemu mwenyewe hakupata kuandika lolote kati ya hayo.
Tovuti inataka baba mmoja.
Naweka n, naifuta, nairudisha,
Salge akiitazama ile herufi ikiingia na kutoka
kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa.
"Weka la shule," anasema mwishowe.
"Lile alililipia."

Picha isizidi kilobaiti hamsini.
Naubana uso wake. Themanini na moja.
Naondoa ukuta, naondoa mabega. Hamsini na sita.
Naondoa hereni moja, anacheka, naondoa na ya pili.
Arobaini na tisa:
yamebaki macho, na mdomo uliokuwa karibu kusema kitu.

Dole gumba la kushoto, wino wa buluu.
Tope limejaa kwenye mistari, skana haioni mtu.
Tunaliosha kwa chai iliyopoa.

Kisha inatuuliza kama sisi ni roboti.
Tuthibitishe kwa kuchagua taa za barabarani.
"Hizi za mji gani?" Sijui, dada.
Tunabahatisha. Tunakubaliwa kuwa watu mara ya tatu.

Tarehe ya kuzaliwa.
Umri usizidi miaka thelathini na tano,
naye amebakiza miezi miwili.
Sikusema kitu. Wangu ulipita mwaka juzi, mwezi wa nne,
siku ya Jumanne; sikulia,
nilikwenda kununua rangi ya kibao.
Subira huvuta heri, wasemao husema.
Kwenye ukurasa huu, subira huvuta umri.

Saa tano na dakika hamsini. Bonyeza. Duara linazunguka.
Umeme unakatika, muuza betri anarusha waya dirishani
bila kuuliza, ameshazoea,
na duara linaanza upya, polepole,
Salge ameshika ukingo wa meza
kama meza ndiyo inayoondoka.

Imepokelewa.

Printa haina wino. Namba ya ombi tumeiandika mkononi mwake,
tarakimu kumi na mbili, kutoka kifundo hadi karibu na kiwiko.
"Nisioge?" Nakili kwanza nyumbani, ndipo uoge.
Amelipa sarafu zenye joto. Nimerudisha zile kumi za picha;
zile hereni zilikuwa nzuri.

Alipokwenda nilifungua akaunti yangu.
Karibu, Lobin Hansda. Wasifu wako umekamilika, asilimia mia.
Chini yake, kwa herufi ndogo, nyekundu: hustahiki.
Bado ina picha yangu ya miaka ishirini na mitatu,
nywele zimechanwa na maji, shati la kuazima.
Nikamtazama kidogo yule kijana. Nikatoka.

Kesho zinafunguliwa za uuguzi.
Natafuta waya mwingine wa kiti.