Njoo Alhamisi

Imekuja kwangu ndani ya kopo la tumbaku,
imeviringwa leso, na katika leso hiyo
skrubu tatu, gurudumu la mizani, ufunguo mdogo
kama jino la panya.
Bibi Mürüvvet aliiweka mezani
kama mtu anayelitua yai.
"Ya babu yake mama," akasema. "Bei tutazungumza baadaye."

Hapa Sivas nina saa mia na arobaini.
Nyingine nilizinunua kwa kilo, pamoja na vijiko
na medali za watu waliokwisha kusahauliwa.
Mke wangu husema nyumba nzima inatafunwa na mchwa wa chuma,
na hakuna mchwa wawili wanaoafikiana.

Hii ni ya Geneva, uso wa kauri nyeupe, ufa mmoja
kutoka saa mbili hadi katikati.
Iliundwa kwa watu waliohesabu kuanzia magharibi:
jua likizama, ni kumi na mbili kamili.
Kila jioni mwenyewe aliisogeza mishale kidogo,
kwa kuwa jua lina mwendo wake
na springi ina wake.

Nikafungua kifuniko cha nyuma, kisha cha ndani,
nikavaa lenzi. Sisi mafundi hatuachi jina mlangoni;
tunakwaruza kwa ncha ya sindano, mahali
ambapo fundi mwingine tu ataangalia.
Herufi za Kiarmenia, ndogo kuliko sisimizi:
Mihran. Kisha miaka, kwa kalenda ya zamani:
1322. 1326. 1329.
Halafu 1331, na baada yake
mkwaruzo mfupi usiokuwa herufi.

Sikumwuliza. Alisimulia mwenyewe, akikoroga chai
ambayo sukari yake ilikuwa imeyeyuka kitambo.
Babu aliambiwa, njoo Alhamisi.
Akaja Alhamisi. Mlango wazi, rafu tupu,
kiti kimelala ubavu,
na saa yake juu ya meza, tumbo nje.
Akaokota skrubu moja moja, akazitia kwenye leso.
Aliishi miaka arobaini baada ya hapo.
Mafundi hawakukosekana mjini. Akiambiwa, peleka,
alijibu: "Ina fundi wake."
Hakusema zaidi, na nyumbani hawakumwuliza zaidi.
Ndivyo tulivyo hapa.

Ahadi ni deni. Lakini deni la nani,
pale mdai anapozeeka na leso mfukoni
na mdaiwa hana hata kaburi?

Wiki tatu. Niliiosha kwa benzini, nikachonga mhimili mpya
(ule wa kwanza ulipotelea sakafuni kwa Mihran,
labda uko huko bado, chini ya saruji ya benki),
nikatia mafuta kwa ncha ya waya, tone usiloliona
ila linapong'aa.
Skrubu moja haikuwepo. Nilikuwa nayo ya kufanana,
buluu zaidi kidogo. Nikaiacha iwe buluu.

Gurudumu likasita, likajifikiria, likaanza.

Nilishika sindano muda mrefu.
Jina langu, Feridun, lingeenea chini ya lake.
Mwishowe niliuacha ule mkwaruzo kama ulivyo,
na mimi sikuandika kitu.
Nikampigia simu Mürüvvet: njoo Alhamisi.

Nilikaa hadi magharibi, mishale nimeiweka kumi na mbili.

Alikuja Ijumaa.
"Theluji," akasema, akikung'uta viatu.