Kisanduku cha Kumi na Tano

Fomu yetu ina visanduku kumi na vinne.
Duka la rejareja. Mgahawa. Saluni. Gereji.
Weka vema kimoja tu; ukifuta, unaanza upya.

Mwajabu Pazi alikuja Jumatatu, dirisha la tatu,
amebeba mashine ndani ya khanga kama mtoto wa kliniki:
mota ya mashine ya kufulia iliyotupwa,
springi ya pikipiki, ndoo ya chuma,
chujio alilolitoboa kwa msumari, tundu moja moja,
usiku, Buguruni, umeme ukiwepo.
"Inakamua tui. Nazi arobaini kwa saa.
Mkono wangu ulikamua sita, na bega likilia."

Ni duka?
Si duka.
Mgahawa?
Nawauzia wenye migahawa.
Kiwanda, basi?
Akaitazama ndoo yake, akacheka.

Nikamwambia njoo Alhamisi. Ndivyo tunavyosema.
Alhamisi nikataka barua ya serikali ya mtaa.
Ikaja. Nikataka cheti cha ubora,
na wa cheti wakamwambia alete kwanza leseni.
Kuku na yai, na nauli juu ya vyote viwili.

(Mimi si mtu mbaya. Nina muhuri,
na muhuri hauna macho.)

Mwaka huohuo nilipelekwa semina, hoteli moja kule Posta,
viyoyozi vinatutetemesha, korosho kwenye visahani.
Tukagawiwa kitabu cha sera, kurasa mia na kumi na mbili.
Neno "ubunifu" nililihesabu hadi tisini, nikasinzia.
Kitabu kipo. Nawekea chupa ya chai.

Safari ya sita alikuja mikono mitupu.
"Nimeiacha kazini. Haiwezi kupanga foleni na mimi.
Wasichana wawili wanakuna, kijana anasambaza kwa baiskeli.
Wao wananiuliza Jumamosi watapata ngapi.
Wewe leo unaniuliza nini?"

Nikachukua rula.
Chini ya kisanduku cha kumi na nne nikachora kingine,
mkono ukitetemeka kama wa mwizi,
nikaandika: Kitu kipya.
Penye ada nikaacha wazi.
Mtoto hadaiwi nauli kabla hajatembea.

Bosi akaona. Nani kakuruhusu?
Nikanyanyua chupa, nikafungua ukurasa wa arobaini,
duara la chai limezunguka sentensi moja:
mamlaka zitaondoa vikwazo.
Akaisoma mara mbili. "Kumbe hii ipo?"
Hakusema ndiyo. Hakusema hapana.

Tangu hapo wamekuja tisa.
Mmoja ana jiko la pumba za mpunga,
mmoja ana kitu ambacho hadi leo sijakielewa,
ila ameajiri watu watatu wanaokielewa.

Mwezi uliopita zililetwa fomu mpya, wino bado unanuka.
Nikahesabu.
Kumi na vinne.

Nimenunua rula ya pili.