Siku ya Tatu, Tukuyu

Siku ya tatu hatusemezani, Tusekile.
Mvua tu ndiyo iliyosema,
usiku kucha, juu ya mabati.

Nilikuita mchoyo.
Ukaniita mtoto wa baba yangu,
na hilo ndilo lililochoma.

Alfajiri nimekuta buti zangu
zimebanduliwa tope, zimeegeshwa jikoni,
ndani zina joto la makaa.
Nikamenya ndizi zote, hata zile ngumu
zinazokuchafua vidole.

Mlangoni ukasema, “Chukua mwavuli.”
“Upo mmoja.”
“Najua upo mmoja.”
Ukacheka, kwa pua tu.

Bado hatujaombana radhi.
Tumeshuka kwenye chai tumebanana,
utelezi ukitushikisha mikono:
bega langu la kushoto limelowa,
lako la kulia.