Swali la Kumi na Moja

Dodoso lina kurasa sita, na mimi nina kalamu mbili,
moja yavuja.
Nimepewa Majengo mchana na Mama Ngina alfajiri,
mashine ya presha ndani ya mkoba wa kitambaa,
na onyo: usiongeze maneno yako.

Ukurasa wa nne, swali la kumi na moja:
kwa wiki, ni dakika ngapi unafanya mazoezi ya kutoa jasho?

Kombo wa duka la vipuri akanitazama kama niliyemtukana.
"Jasho? Mwezi huu wa Februari?
Mombasa hii hata aliyelala hutoka jasho."
Nikaandika: hakujibu.

Mbeyu yuko orofa ya nne. Mabomba yamekauka tangu Idi.
Mitungi minane kwa siku, mmoja mmoja,
vidato sabini na viwili kila safari.
"Mazoezi?" akasema, akishusha maji, shingo ikimeremeta.
"Mazoezi ni ya wenye nafasi. Andika sifuri."
Nikaandika sifuri,
mviringo kama ngata iliyobaki kichwani pake.

Mama Ngina, kabla jua halijawa na ukali,
wanawake kumi na mmoja, mabuibui yamepandishwa vifundoni,
raba za kila rangi,
wanakuja wakigombania bei ya nazi.
Nawapima kabla. Nawapima baada.
Bi Salme: mia na hamsini na nane.
Mizunguko miwili, kisha: mia na arubaini na sita.

Hapo kazi yangu ilikuwa imekwisha.
Lakini wakaketi ukutani, kahawa chungu ikaja, na kashata,
na mmoja wao akamwigiza mkwewe akirudisha gari nyuma,
shingo imepinda, mkono dirishani, "bado, bado, bado,"
hadi puu! kwenye kibanda cha mihogo.
Bi Salme alilia kwa kucheka.
Nikampima tena, bila ruhusa ya mtu:
mia na thelathini na moja.

Mkuu wangu akasema kwenye simu: kipimo cha tatu hakimo, kifute.
Na kile kicheko?
Kicheko, akasema, hakina safu.

"Eda iliponitoka," Bi Salme akaniambia, akifunga kamba ya kiatu,
"nalikuwa nikiizunguka meza. Meza ya watu sita.
Sikuja huku kutafuta afya, mwanangu.
Nalikuja kutafuta mtu wa kubishana naye.
Hilo liko ukurasa wa ngapi?"
Nikapekua. Ukurasa wa tano, burudani:
televisheni, mpira, nyinginezo (eleza).
Nafasi ya kueleza ni fupi kama kucha.

Jana nikarudi kwa Mbeyu; alikuwa amesahau kutia saini.
Nikamkuta chini ya ngazi, mtungi mmoja kichwani,
mwingine ukingoja.
Nikauchukua ule unaongoja. Sijui kwa nini.
Kidato cha ishirini nikaacha kuzungumza.
Cha arubaini, maji yaliingia kiatuni.
Orofa ya tatu nikaketi, chwaa, kama gunia.

"Wewe," Mbeyu akasema, "ndiye wa mazoezi?"
Akacheka hata akashika ukuta, na mtungi haukumwagika tone.
Jirani akafungua mlango, akauliza kuna nini,
akacheka kabla hajajibiwa.
Swali la kumi na moja, nikajiuliza mwenyewe.
Sifuri. Na hiyo ilikuwa ya kweli.

Juu nikamfunga ile mashine. Ikakataa.
Ikavimba, ikanywea, ikaandika E.
"Tulia basi."
"Nitulie vipi, na wewe umekaa hivyo?"
E, tena.

Nikaiacha. Nikafungua ukurasa wa nne,
na pambizoni, kando ya ile sifuri,
nikaandika: 72 mara 8, maji kichwani.
Kumbe nimeshika kalamu inayovuja.
Nikafunga wino haujakauka,
na sasa hesabu yake imejichapa, kinyumenyume,
juu ya burudani.