Nani Meanguka?

Daraja la nyumba yetu Langoni lina vidato kumi na kimoja.
Cha saba kimelika kwa miguu ya watu waliokwisha kufa.
Hapo ndipo shangazi yangu, Bi Somoe, alipokanyaga hewa
akipanda darini saa tano ya usiku kuanua nguo
zilizoanikwa mwaka ambao mimi sijazaliwa.

Nilikuwa barazani na simu. Dakika za nyongeza,
mbili kwa mbili.
Nikasikia kitu kama gunia la mchele.
Nikasema moyoni: paka.

Nyonga. Daktari alilitamka kama jina la mtaa.
Machela ilikataa kupinda kwenye kona ya kichochoro,
tukambeba kwa kiti cha kulia, wanaume wanne,
punda wakitupisha,
naye akiwapungia mkono watu wa madirishani
kama biarusi.

Alirudi na chuma ndani na chuma nje.
Cha ndani hakijui.
Cha nje anakiona, na hakipendi:
"Nani metia mbuzi chumbani?"
Miguu minne, hana mkia, halii.
Jioni nilikuta maganda ya ndizi yamepangwa mbele ya fremu
na bakuli la maji, limejaa pomoni.

Jumwa wa viungo huja Jumatatu na Alhamisi.
"Bibi, inua mguu. Tuhesabu mpaka kumi."
Moja, mbili, tatu, nne,
na nne humkumbusha matundu ya kofia aliyokuwa akishona,
kofia humkumbusha kichwa iliyokuwa yake,
na mguu hubaki hewani
umesahau ulikuwa ukienda wapi.

Kila asubuhi huamka mzima.
Hutaka kuruka kitandani kama msichana aliyechelewa chuoni,
na kila asubuhi ni mimi wa kumwambia:
Shangazi, ulianguka. Nyonga ilivunjika.
Huuona uso wake ukiporomoka.
"Lini? Mbona hamkunambia?"
Siku arubaini na moja
nimemvunja mara arubaini na moja,
mfupa ule ule, bila ganzi.

Siku ya arubaini na mbili ulimi ulikataa.
Akauliza, "Kwani ni nani meanguka?"
Nikasema, "Mimi."

Akanitazama.
Yale macho yaliyokuwa yakinipita tangu Ramadhani
kama mtu anayetafuta nyumba nyingine
yakasimama juu yangu.
"Wapi?"
"Darajani. Kidato cha saba."
"Niliwambia wakitie saruji kile!"
Na kweli aliwaambia. Nilikuwa mdogo, nilimsikia.

Akatia mkono mmoja kwenye mbuzi,
wa pili begani mwangu,
akasimama.
Hakusimamishwa. Alisimama
apate kunishika mimi.

"Ndoo. Guu la kuume kwanza. Sitazame tini."
Tukaenda hadi dirishani, mimi nikichechemea,
uwongo ukiniunguza masikio,
yeye akinihesabia:
moja, mbili, tatu, nne, tano, sita,
nane.
Sikumsahihisha.

Alhamisi Jumwa akaandika daftarini: hatua kumi na nne.
Akauliza nimefanyaje.
Nikamwambia nimeanguka.
Alicheka, kisha akanyamaza, akaniangalia tena.

Si kila siku. Jana alinifukuza,
akamwita kaka yake aliyezikwa kabla ya mimi kupewa jina,
akamtukana mbuzi, akakojoa kwenye mkeka,
nami nikafua nikiwa na hasira
ambazo sitazisimulia hapa.

Lakini usiku, akikumbuka, hunilaza kifudifudi
akanipaka mafuta ya uto kwenye nyonga isiyo na jeraha.
Vidole vyake havijasahau kitu.
Hubonyeza hapa, hubonyeza pale, "Huuma?"
Hapana, shangazi. Hapana.
Halafu hufika mahali fulani, karibu na yule paka
niliyemsingizia,
nami nasema ndiyo, hapo.
Naye hapaondoki.