Siku ya Tatu ya Mafua, Katuba

Mwezi wa sita umeingia Lubumbashi kwa mlango wa nyuma,
umekuja na vumbi lake na baridi yake ya alfajiri,
umekaa juu ya kifua changu
kama mgeni asiyejua kuaga.

Si ugonjwa mkubwa. Hilo ndilo linaloniudhi.
Mafua hayana matanga,
hayaleti majirani wenye sukari na sabuni,
hayana hata jina la kutisha la kumwambia mteja.
Nikisema ninaumwa, Bwana Mwilambwe anauliza, "Na nini?"
Pua inamjibu kabla yangu.
Naye anacheka kwenye simu:
"Aa, mafua tu! Basi suti nitaipata Ijumaa?"

Tu.
Neno dogo kuliko tundu la kifungo,
lakini jaribu kulipitisha kwenye koo hili.

Pale pembeni cherehani imejifunika kitambaa.
Naitazama, nayo inanitazama.
Chini ya sindano umelala mkono mmoja wa koti,
unangoja bega.
Na mimi kitandani ninashona bila uzi:
dola thelathini za Mwilambwe,
ongeza sare tatu za watoto wa Mama Kabwita,
toa kodi, toa makala, toa vidonge vya asubuhi,
ongeza, toa,
chafya!
Hesabu yote imemwagika. Naanza upya.

Mchana nililazimisha bukari na sombe.
Ladha hakuna, ni kama kutafuna habari za redio.

Lakini usiku ndio mbaya.
Usiku kikohozi kinajifunza kusema.
Vipi kama si mafua? kinaniuliza.
Kinamtaja marehemu shangazi Chola,
yeye naye alisema, "Ni uchovu tu,"
na ile "tu" yake bado inatembea nyumbani kwetu bila viatu.
Umeme umekatika tangu jioni.
Najipima joto kwa kiganja changu mwenyewe:
kiganja cha moto kinaliuliza paji la moto,
"Eti, kuna moto?"
Nani atasema kweli hapo?

Numbi hakuniuliza kitu.
Ana miaka tisa, ana haraka zake.
Alitoka shule na mfuko wa majani ya mikalitusi,
mlinzi amemfukuza hadi barabarani, anasimulia kwa fahari,
kandambili moja imebaki kulekule.
Akachemsha maji, akaweka sufuria katikati ya magoti yangu,
akanitupia blanketi kichwani kama anayefunika kuku.
"Usitoke, Mama, mpaka nihesabu mia moja."

Humu ndani ni giza, na mvuke, na harufu ya msitu.
Mwilambwe hayumo. Kodi haimo.
Nje sauti yake inapanda, arobaini, hamsini, sitini,
inafika sabini, inapotea njia,
inarudi hamsini bila aibu.
Simsahihishi.
Siku tatu nimefanya hesabu zisizokubali kosa,
na hii hapa inakosewa mbele ya masikio yangu
na hakuna anayedaiwa.
Jasho likashuka. Au machozi, mvuke haubagui.
Kitu fulani kilichokuwa kimekunjwa mgongoni
kikakunjuka kidogo, si chote.

Asubuhi pua bado imeziba, upande wa kushoto.
Nikamwandikia Mwilambwe:
Ijumaa hapana. Jumatatu.
Nikafuta "samahani" mara mbili kabla ya kutuma.

Akapiga simu palepale. Nikajiandaa kwa vita.
"Fundi," akasema, na sauti yake ilitoka ndani ya mtungi,
"hata Jumatano ni sawa. Leo siwezi kusimama."
"Na nini?" nikamuuliza.

Akanyamaza.
Kisha tukacheka wote wawili,
kicheko kikageuka kikohozi, huku na kule,
tukakohoa, tukakohoa,
mpaka salio lake likaisha.